Bendera Iliyokwama Njiani

Filimbi ya kupandisha bendera ilipolia asubuhi ile mbele ya kituo cha polisi, barabara nzima ilisimama: wauza mikate, wanafunzi, hata mwendawazimu wa sokoni. Mukuka, dereva wa pikipiki, akazima injini. Edith, aliyekuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, akashuka, akasimama wima. Hakuna aliyemwamuru. Baba yake, mtu wa reli na Mkatoliki wa kupindukia, alimfundisha kwamba bendera ikipanda ni sawa na padri akiinua Ostia katika misa: unatulia, unanyamaza, na shida zako zinangoja.

Mtoto mwenyewe, Plamedie, alikuwa na miaka mitatu, na malaria ilikuwa imemmaliza damu. Muuguzi wa zahanati ya Hewa Bora alikuwa amemwambia Edith waziwazi: "Kimbia ku hospitali kubwa, mama. Bamuongeze damu sasa hivi." Sasa hivi! Na kamba ya bendera nayo ikakwama. Bendera ikaning'inia nusu ya mlingoti, polisi akivuta na kutokwa jasho, na watu wazima wenye akili zao wamesimama kama sanamu za kanisani, wanangoja kitambaa.

Edith alimsikia mtoto akikoroma mgongoni. Kisha mkoromo ukawa mwembamba.

"Mukuka, twende!"

"Mama, batanifunga. Batakamata pikipiki."

Edith akaanza kukimbia kwa miguu. Guelor, polisi mwenye filimbi, akamdaka mkono.

"Mama, drapeau iko inapanda! Ile kitu iko takatifu. Tuliapa mbele ya Mungu na taifa."

"Mutoto yangu iko nakufa, papa! Angalia!"

"Vumilia kidogo. Ata miye iko na batoto."

Edith hakuwahi kumjibu askari maishani mwake. Sasa akainua mkono uliobaki huru juu kabisa, kama waapavyo wakubwa wa serikali.

"Basi miye pia naapa! Mbele ya Mungu, mbele ya taifa yenu: uyu mutoto akikufa, namuleta apa, mumufunike na ile drapeau!"

Guelor aliutazama mlingoti, akamtazama mtoto, vidole vyake vikalegea. Edith akatimua mbio.

Hospitalini muuguzi mmoja mzee alikifungua kitenge, akamlaza Plamedie kitandani, akamsikiliza kifua. Alisikiliza muda mrefu mno. Halafu akamfumba macho.

"Bado iko na joto," alisema polepole. "Ameenda sasa hivi tu. Nani alikukawisha, mama?"

Edith alifungua mdomo amtaje Guelor. Lakini Guelor alimshika alipotaka kuondoka. Kabla ya hapo alisimama kwa hiari yake, bila kushikwa na mtu wala kutazamwa na yeyote.

"Ni miye," akasema. "Nilikuwa nasalimia drapeau."