Simba wa Barazani

Nimenyoa vichwa kwa miaka ishirini na miwili, pamoja na vipara kadhaa ambavyo wenyewe wanakataa kuwa ni vipara. Kwa hiyo niamini nikisema kwamba sijawahi kukabidhiwa kichwa kama kile alichonikabidhi Mama Mkunga asubuhi ile.

Alikuwa mbwa, hata gotini hafiki. Mbele alijaa manyoya marefu yaliyomfunika mpaka machoni. Nyuma, kuanzia mbavuni, alikuwa mtupu kama yai, isipokuwa kishada kwenye ncha ya mkia na manyoya kidogo vifundoni, kama mtu aliyevua suruali akasahau soksi. Dada yangu ni msusi na tunagawana baraza, mimi na mashine zangu kushoto, yeye na rasta zake kulia. Alimzunguka yule mbwa mara mbili, akauliza kama alinunuliwa mzima au nusu.

Mama Mkunga alicheka. Alikuwa amesimama kaushikilia mkono wa mpwa wake, maana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili na siku hiyo alikuwa akienda kupasuliwa. Nikueleze huyu mama ni nani kwangu. Ndiye mkunga aliyenipokea nilipozaliwa. Kofi langu la kwanza duniani alinipiga yeye. Yaliyofuata nilipigwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna mkono mwepesi. Kibanda changu kilipobomolewa barabara ipanuliwe, nikabaki na kiti kimoja na kioo chenye ufa, nilimwendea ng'ambo ya mji alikohamia. Sikumaliza hata kujieleza. Alinipa baraza ya nyumba yake ya zamani, akaniambia nifagie kabla ya kufungua.

Sasa na yeye alikuja na ombi, la kwanza tangu nimfahamu. Mbwa huyo aliletewa na binti yake anayefanya kazi ughaibuni, miaka miwili iliyopita, wakati macho yake yameshaingia ukungu. Binti humtengeneza mbwa kila akija likizo, ila mwaka huu hakuja, mpwa akamnyoa nyuma tu. Aliniomba nikae naye wiki mbili.

"Mtengeneze apendeze, mwanangu," aliniambia. "Nikirudi, yeye ndiye ninayetaka kumtazama kwanza. Miaka miwili namjua kwa vidole tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amemleta kwa fundi. Kumbuka maneno hayo.

Kusema kweli sikuwa mtu wa mbwa. Mbwa niliowajua mimi walikuwa na meno kwanza, tabia baadaye. Huyu alianza kunisomesha siku ile ile. Kila mteja akikaa, yeye alikwenda kulala juu ya miguu yake, ule upande wa upara chini, na upara ule ulikuwa wa moto kama chupa ya maji ya chai. Wateja wakanyamaza, na wateja wangu si watu wa kunyamaza. Mzee mmoja fundi saa, ambaye kwa miaka hajapata kusifu kazi yangu, alikaa nusu saa zaidi baada ya kunyolewa, akisingizia kusubiri jua lipungue. Mtoto aliyekuwa akilia akiona mashine alimpakata mbwa, akanyolewa kichwa kizima bila chozi. Hakuwa anabweka ovyo. Alikuwa anakutazama tu kupitia pazia lile la nywele, kama jirani nyuma ya dirisha. Dada alimpa jina la Bwana Mkubwa, kisha akaanza kumwamkia.

Siku ya kumi na tatu nikasema sasa nimtengeneze, kesho mama anarudi.

Hapa lazima nijitetee. Kila kinyozi duniani anaijua aibu ya umeme kukatika katikati ya kichwa. Mteja anaondoka nusu, anafunga kitambaa, na wewe unabaki kumwombea umeme urudi. Mimi nilipomtazama mbwa yule niliona jambo hilo hilo: mtu alianzia nyuma, umeme ukakatika, akakata tamaa. Nikawasha mashine, nikamalizia kazi ya mwenzangu. Nilimsawazisha kuanzia shingoni, nikapunguza pande za kichwa, nikamchonga kipaji cha uso kwa mstari ulionyooka. Bwana Mkubwa alitulia kama bwana harusi. Nilipomaliza nilijipongeza kwa sauti.

Kisha nikafungua mkoba wake niweke brashi, nikakuta picha iliyokunjwa. Ni yeye, nusu kipara, kajipanga mbele ya kamera kwa fahari. Nyuma ya picha binti alikuwa ameandika kwamba mbwa wa aina hii ni wachache sana duniani, kwamba jina lao huko walikotoka maana yake ni simba mdogo, na kwamba kwa mamia ya miaka wamenyolewa hivyo, nyuma upara, mbele manyoya ya simba.

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe. Sakafuni palikuwa na simba. Mapajani palikuwa na mwana-kondoo.

Nilimgeukia dada nikamsihi amsuke rasta za shingoni, walau siku moja. Alinitazama kwa huruma ambayo hajanionyesha tangu utotoni.

"Kaka, mimi nasuka watu," alisema. "Na huyu mama anatoka kufunguliwa macho. Unataka cha kwanza akione kiwe uongo?"

Basi, maji yakimwagika hayazoleki, na nywele pia. Ila nilizizoa, nikazitia kwenye mfuko safi.

Kesho yake Mama Mkunga alishuka garini bila kushikwa mkono. Alipanda ngazi za baraza akizitazama moja moja, kama mtu anayesoma. Nilimpokea na mfuko mkononi na nikaanza kuungama kabla ya salamu: umeme, mashine, picha, ujinga wangu. Nilimwambia amenipa kila kitu nilicho nacho, na yeye kaniomba kimoja, nacho nimekinyoa.

Alikaa, akamwinua mbwa mpaka uso kwa uso. Mbwa alimtazama. Alimtazama sawasawa, maana pazia halikuwepo, macho meusi ya mviringo yenye kaukingo ka kahawia. Wakakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba dada aliacha kusuka.

"Manyoya ninayajua, nimeyachana miaka miwili," mama alisema mwishowe, sauti ikiwa imelowa. "Macho ndiyo ambayo vidole haviwezi kuyagusa. Ungemwacha na ushungi wake, leo ningeona tena yale yale."

Kisha akaniambia nywele zitaota, na zikiota nitamnyoa kwa kufuata picha, yeye mwenyewe akisimamia. Nikasema ndiyo, mama. Nilijifanya nakung'uta kitambaa.

Alinigeukia mimi sasa, akanikagua kwa macho yake mapya kuanzia viatuni mpaka utosini, ambako nywele zilishanihama, akaishia hapo.

"Na wewe," akasema, "umeme ulikukatikia lini?"

Dada alicheka mpaka akadondosha kitana. Bwana Mkubwa alishuka mapajani, akaja kulala juu ya miguu yangu. Upara wake wa nyuma ulikuwa bado na joto lile lile.