Vidole Chini ya Ekseli

Majirani walimwita Bwana Spana, ingawa kazi yake ilikuwa kupima watu macho. Kila saa aliyoipata aliimalizia kwenye kigari cha michezo cha Kiingereza, kisicho na paa, kilichomzidi mkewe umri. Mwaka wa tatu huu kigari kilikuwa kwenye gereji nyuma ya nyumba, juu ya stendi nne, hakina hata gurudumu moja.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, alilala chali chini yake akirudisha ekseli ya nyuma, lile chuma la kushikia magurudumu, juu ya springi mpya. Jeki ndiyo iliyobeba ekseli na difu yake, bonge zito la gia lililo katikati. Akapenyeza vidole vya mkono wa kushoto, apapase kama matundu ya bolti yamelingana. Jeki ikayumba, ikalala ubavu. Ekseli ikashuka, ikambana vidole vitatu.

Alipiga ukelele. Alipojaribu kuvuta, maumivu yakampanda hadi begani. Simu ilikuwa mezani. Jeki aliigusa kwa ncha ya kiatu tu. Akamwita mkewe mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya muda mrefu akatokea mama mkwe, ambaye aliishi nao, akijikongoja kwa magoti yake mabovu. Akachungulia.

"Jamani! Nilijua tu hili dude litakumeza."

"Mama, tafadhali. Isimamishe jeki chini ya hicho chuma kinene, halafu pampu."

"Ngoja nivute pumzi, baba." Akaketi juu ya ndoo. "Hizo kelele ulikuwa unamwita nani?"

"Mke wangu. Hasikii?"

"Atasikiaje, naye yuko kwa dada yake?"

"Ameenda lini?"

"Leo siku ya tisa."

 Spana alijaribu kukumbuka nani alimpakulia chakula jana. Alikumbuka sahani, hakukumbuka mkono. Angekuwa huru angejitia anatafuta bolti. Sasa hakuwa na pa kugeuzia hata shingo.

"Alikuaga," mama mkwe akasema taratibu. "Alisimama hapo mlangoni na begi lake. Ukamwambia, 'Nipe dakika moja.'"

Kisha akainuka, akaisimamisha jeki, akaisukuma kwa mguu hadi ikakaa chini ya ekseli, akapampu huku akiguna. Vidole vikatoka vimevimba, kucha nyeusi.

Spana alipokwisha kufungwa bandeji zahanati, alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Mkewe akatoka mlangoni, akautazama ule mkono.

"Nani alikutoa?"

"Mama."

"Ulikaa humo muda gani?"

"Kama nusu saa."

"Pole," akasema, na ilikuwa pole ya kweli. "Mimi nimekaa miaka mitatu."

Hakumkaribisha ndani. Alimletea maji, wakaketi kwenye ngazi.

"Utarudi?"

"Sijui. Kunywa maji kwanza."

Alikunywa. Kisha shemeji akamwita mkewe ndani. Wiki ile mkewe hakurudi, wala iliyofuata. Kila Jumapili Spana alikwenda, akaketi kwenye ngazi zile, na safari hii yeye ndiye aliyengoja.