Wateja wa Sista Milembe

Siku Milembe aliporipoti kazini, aliambiwa kwamba pale kituoni hapakuwa tena na wagonjwa.

"Wamepona wote?" aliuliza, kwa nia njema kabisa.

Bwana Constantine, mganga mkuu wa kituo cha afya cha Mwasilolo, alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Ilikuwa kofia ya semina. Mkoba wake pia ulikuwa wa semina, na kalamu, na fulana iliyochungulia chini ya koti lake jeupe.

"Sista, nchi imebadilika," alisema. "Sasa ni soko huria. Mgonjwa ni neno la zamani, la enzi za kupanga foleni ya sukari. Siku hizi anayeingia hapa ni mteja, na mteja ni mfalme. Unamwambia: karibu mteja, tukuhudumie nini?"

Milembe alikuwa msichana wa Binza, pale Maswa mjini, ndiyo kwanza ametoka chuo cha uuguzi. Gauni lake jeupe alishonewa na mama yake, likapigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Aliitikia tu. Mwaka ule kila mtu alikuwa anaongea hivyo. Magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yanafukuzana kwenye barabara ya Kasoli, na hata mwenye mbuzi mmoja alijiita mfanyabiashara. Akaona huenda na ugonjwa nao umeingia sokoni, yeye ndiye hajapata habari.

Kesho yake asubuhi alikuta Landrova ya wilaya mlangoni. Ndani walikuwa wameshaketi wauguzi wawili wa kituo, wamevaa nguo za safari, na Bwana Constantine yuko mbele na kofia yake.

"Tunakwenda semina Mwanza," alimwambia kupitia dirishani. "Wiki mbili."

"Wote?"

"Ni semina nyeti sana, Sista. Mbinu za Kukabiliana na Upungufu wa Watumishi." Akawasha sigara. "Alhamisi atakuja mgeni wa mradi, Bwana Sylvester, kuangalia tunavyowajali wateja. Kitambaa cha kumkaribisha kiko stoo. Usiniangushe."

Gari likaondoka, vumbi likabaki, na Milembe akabaki na Mama Nyanjige, mhudumu wa usafi, mama mtu mzima mwenye goti bovu na genge la nyanya nje ya uzio.

"Mama, utanisaidia?"

"Nitafagia, mwanangu, na jiko nitawasha. Damu siiwezi, hilo nakwambia mapema."

Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani tangu alfajiri. Wa kwanza alikuwa Mzee Mayunga, mfugaji aliyetembea kutoka mbali akiegemea fimbo yake ya kuchungia. Milembe alijiweka sawa, akatabasamu kama alivyoelekezwa.

"Karibu mteja, tukuhudumie nini?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Mayu, mama yangu, umepotea. Mimi siuzi pamba. Nimeshawauzia wale wa gari jekundu. Mimi mgongo unauma."

"Najua, babu. Lakini siku hizi unaitwa mteja."

"Na mgongo unaitwaje?"

Milembe aligeukia kabati la dawa. Akampa dawa za maumivu, akamwita wa pili, na tangu hapo akaacha kutabasamu kwa maelekezo. Hapakuwa na nafasi. Kulikuwa na watoto wenye homa, mama wajawazito wa kupima, mguu uliokanyagwa na ng'ombe, vidonda vya kusafisha, sindano za kuchemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na dirisha la dawa ambalo kila akilifungua linaingia mikono mitano. Akishika kisu cha kupasulia jipu, mtu anamvuta gauni: mtoto wangu anatapika. Akimkimbilia anayetapika, mwenye jipu anapiga kelele kwamba ameachwa wazi.

Jumatano mchana alijifungia stoo akalia. Alilia ameketi juu ya maboksi, na alipojifuta macho akaona maboksi yenyewe ni ya vipeperushi vya mradi, vya rangi, kwa Kiingereza, vinavyofundisha kunawa mikono kwa maji ya bomba. Bomba la kituo lilikauka kabla yeye hajamaliza shule ya msingi. Aliwaza basi la Maswa, akawaza kitanda chake cha Binza. Kisha akawaza wale walioko barazani. Akatoka, kwa sababu palikuwa na mtoto aliyemwacha na kipimajoto kwapani na hakukumbuka ni yupi.

Alhamisi walitundika kitambaa. Kituo hakikuwa na nguzo, hivyo Mama Nyanjige alichukua vyuma viwili vya kutundikia dripu, ndivyo pekee vilivyokuwepo, akavisimamisha getini na kuvifunga kwa kamba ya katani. KARIBUNI WATEJA WETU WAPENDWA. Upepo ukavuma, kitambaa kikajaa, kikapendeza kweli.

Landrova ya mradi na mkokoteni wa ng'ombe vilifika getini kwa wakati mmoja. Kwenye Landrova alikuwa Bwana Sylvester, ofisa wa mradi, suti ya kijivu na tai, pamoja na dereva wake Selestini. Kwenye mkokoteni alikuwa Kwandu, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, amelazwa juu ya magunia, mumewe Mahona akiwaswaga ng'ombe, na nyuma yao umati wa nzengo yao, majirani wa kike na wa kiume.

"Sista," alianza Bwana Sylvester akinyoosha mkono, "tumekuja kuangalia—"

"Shika miguu," alisema Milembe.

"Samahani?"

"Miguu yake! Mumewe atashika mabega."

Bwana Sylvester akashika miguu, labda kwa sababu tangu aanze kazi mkoani hakuna aliyewahi kumpa amri fupi hivyo. Wakambeba Kwandu hadi leba. Mtoto hakuchelewa, alitoka analia, wa kike, mzima kabisa. Lakini damu ya mama haikukatika. Milembe alichoma sindano ya kukaza mji wa uzazi, akaanza kusugua tumbo kwa mkono mmoja kama alivyofundishwa. Akamwekea dripu kwa mkono mwingine, akainua macho kutafuta chuma cha kuitundikia. Hakukiona. Chuma kilikuwa getini kinakaribisha wateja.

"Wewe mwenye tai! Njoo ushike chupa. Juu! Juu zaidi ya kichwa chako, na usiishushe."

Bwana Sylvester akasimama pale ameinua chupa, macho ameyaelekeza darini. Selestini alitumwa maji kisimani na ndoo mbili. Mama Nyanjige alichemsha vyombo huku amegeuzia uso ukutani asione damu. Jua lilipanda, suti ya mgeni ikaloa jasho.

"Sista, naweza kubadili mkono?"

"Badili. Chupa isishuke."

Kidogo kidogo damu ikapungua, tumbo likakaza chini ya kiganja cha Milembe kama linavyotakiwa. Kwandu akafumbua macho akaomba uji. Milembe aliketi sakafuni, pale pale, na gauni lake ambalo halikuwa jeupe tena.

Jioni, Bwana Sylvester alitaka kusema neno. Alikuwa ameguswa, na mtu wa mradi akiguswa hutoa hotuba. Alisimama mbele ya umati akiwa ameikunja mikono ya shati.

"Ndugu wateja! Leo nimejionea. Wote mnajua serikali inapunguza wafanyakazi. Tulikuwa tunajiuliza, tupunguze wapi? Sista huyu ametujibu! Mtu mmoja ameendesha kituo kizima. Kumbe wale wengine watatu hawahitajiki!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa hotuba ikiisha ndivyo hufanywa. Kisha Mahona akawatafsiria wazee kwa Kisukuma, na makofi yakafa.

Milembe alisogea mbele. Siku zote alifundishwa kutojibizana na wakubwa. Lakini alikuwa amechoka mno, na uchovu ule ulimpa mdomo.

"Bwana Sylvester, sikuwa mmoja. Tulikuwa wanne. Mimi nilisugua tumbo. Wewe ulishika chupa. Selestini alileta maji. Mama Nyanjige alichemsha vyombo. Ukiondoka leo, kesho nani atashika chupa?"

Bwana Sylvester alianza kushusha mikono ya shati aliyoikunja.

"Sista amesema kweli," alisema Mahona, taratibu. "Kazi ni ya watu wanne. Kama wale hawahitajiki, basi wewe baba ubaki. Tumekuona, mkono unao."

Bwana Sylvester alidhani ni utani. Wanaume wa nzengo walikwenda kuwafungua ng'ombe wa Mahona, wakawalaza mbele ya Landrova, na ng'ombe wakaanza kucheua bila haraka. Hakuna aliyepaza sauti wala kumgusa mtu. Kina mama walimletea mgeni kuku na ugali, wakamtandikia kitanda cha wodini, wakamwambia wabeja sana, yaani asante sana, kwa kukubali kazi.

Asubuhi ng'ombe waliondolewa ili Selestini aende Mwanza na ujumbe kwamba wanasemina warudi kazini. Bwana Sylvester hakuruhusiwa kwenda naye, kwani wagonjwa walishafika. Alishika chupa. Alipanga foleni. Mzee Mayunga alirudi na mgongo wake, na ofisa alipomkaribisha "mteja wetu", mzee akamuuliza kama na yeye ni wa gari jekundu. Jumamosi jioni alikuwa ameshaacha neno lile mwenyewe.

Wanasemina walirudi Jumapili wamenuna, kwani walikatishwa kabla ya sherehe ya kufunga. Habari ya kupunguza watu Mwasilolo haikusikika tena. Bwana Constantine aliacha kazi baada ya mavuno na kufungua duka la dawa Bariadi, ambako wateja anao kweli. Wauguzi wawili walibaki, wakapanga zamu, na Mama Nyanjige akarudisha vyuma vya dripu wodini akilalamika kuhusu goti. Mtoto wa Kwandu aliitwa Semina.

Milembe alipopata mapumziko yake ya kwanza alipanda basi hadi Binza, akalala mpaka saa sita mchana. Mama yake akaja kumgusa bega.

"Amka, mwanangu. Majirani wamesikia nesi yuko nyumbani. Wamejaa sebuleni."

Milembe aliamka. Alinawa, akaketi jikoni, akala ugali wake wote na mlenda, taratibu, bila kuinua kichwa. Ndipo akauliza nani ametangulia.