Hajashindwa Dawa za Kutosha

Kitendawili! Huingia puani, huishia kichwani, na aliyeipokea hashiki usukani mpaka kesho yake.

Hujui? Nipe mji. Hays, huku kwetu Kansas? Hays nilipiga simu, hawana. Salina? Wanayo, lakini bima ya binti yangu haiitambui zahanati ile. Dodge City mtu alinicheka: "Bibi, ya puani? Si utakuwa unatafuta dawa ya mafua?" Mafua! Haya, chukua mji wako, nikupe jibu. Ni dawa ya kupuliza, ya huzuni iliyokataa kusikia dawa nyingine. Hupewi uende nayo nyumbani. Unaivuta mbele ya muuguzi, unakaa saa mbili ukiangaliwa, kisha mtu anakurudisha kwa gari.

Binti yangu Twila ni fundi wa mashine za kuvunia ngano. Tangu Pasaka alikuwa amelala katika chumba chake cha usichana, uso ukutani, nywele zimeshikana. Supu ya kuku niliyompelekea niliirudisha imeganda mafuta. Bunduki za marehemu baba yake nilishazihamishia kwa jirani. Sasa unajua nilikuwa natafuta nini nilipotafuta zahanati.

Nikaipata Wichita, mwendo wa saa tatu na nusu. Daktari akaandika maombi ili bima ilipe. Bima wakajibu kwa barua: *Mgonjwa bado hajashindwa dawa za kutosha.*

Hajashindwa! Yaani dawa nyingine zikatae kwanza ndipo walipe. Kwani ule ni mtihani wa darasa la nne? Miaka sita anameza vidonge. Hivi vilimvimbisha, hivi vilimnyima usingizi, vingine vikamtetemesha mikono hata spana ikamtoka. Nikawapigia simu bima palepale jikoni. Akapokea bwana mmoja, Garth.

"Mama, hapa kwetu inaonekana ameshindwa moja tu."

"Nne! Kashindwa nne! Andika!"

"Naomba usinipigie kelele, mama."

"Kelele sijaanza. Kashindwa ya kwanza, kashindwa ya pili, kashindwa zote, kashindwa kabisa! Au unataka nikuimbie?"

Akaandika. Siku ya tatu wakakubali, na kesho yake akapiga muuguzi wa Wichita, Marisela. Ijumaa kuna nafasi. Nikaenda mbio chumbani kwa Twila na simu, spika nimeiwasha.

"Anakuja!" nikasema.

"Samahani bibi, sikukuuliza wewe. Twila, unanisikia? Wewe mwenyewe unataka kuanza?"

Twila akajivutia blanketi hadi masikioni.

"Anataka," nikasema.

"Bibi!"

Twila akauambia ukuta: "Nilikusikia ukimwambia yule mtu. Kashindwa kabisa."

Kuta za nyumba yetu ni nyembamba kama karatasi. Sikuwa nimezifikiria.

"Nilitaka wakubali, mwanangu."

"Ndivyo unavyoniona?"

Hapo hasira yote niliyokuwa nayo kwa Kansas nzima ikanitoka.

"Zilizoshindwa ni dawa, Twila! Vidonge vyao ndivyo vilivyoshindwa, na barua yao, na huyo Garth! Mlango wao haufunguki ila kwa neno lile, nikalisema, na mdomo unaniwaka mpaka sasa. Nitukane ukitaka. Nirushie mto. Lakini geuka uniangalie!"

Akageuka. Macho mekundu, taya amelikaza. Alikuwa amenikasirikia hasa, na mimi sikuwa nimeona kitu chochote katika uso ule tangu Pasaka.

"Hukuwa na haki," akasema.

"Sikuwa nayo."

"Usiniongelee tena. Kwa mtu yeyote."

"Sawa."

"Leta simu."

Nikampa. Marisela alikuwa bado yuko, tulimsikia akipumua. Twila akaketi, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo," akasema. "Nataka kuanza."