Masale Yaliyomkimbia Primus

Asubuhi hiyo Justina alikuwa anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba alipoona isale, ule mmea wa mpakani, limesogea. Jana lilikuwa mteremkoni, upande wa chini wa jiwe lake la kunolea panga, leo liko upande wa juu. Udongo haukuwa umechimbuliwa. Hata utando wa buibui katikati ya majani yake ulikuwa mzima, na buibui mwenyewe yumo.

Alinoa panga akaendelea, maana ng'ombe alikuwa analia.

Kihamba chao, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ndicho cha mwisho kijijini Kilema kwa upande ule. Juu zimesimama nguzo za saruji za msitu wa hifadhi, na chini anakaa Primus. Kati yao na Primus palikuwa na mstari wa masale uliopandwa na wazee ambao hata majina yao yamesahaulika. Isale hupandwa mpakani, hupandwa kaburini, na mtu aliyekosea hulifunga jani lake fundo akampelekea aliyemkosea. Likishafika mlangoni, halikataliwi.

"Mama, isale limepanda," alisema alipofika jikoni.

Victoria, mama yake, alikuwa anamenya ndizi. "Limepanda mpaka wapi?"

"Limepita jiwe la kunolea."

"Basi hamisha jiwe."

Justina akalihamisha.

Watu hawakulishangaa jambo lenyewe. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinapanda. Kahawa za watu wa chini zilishachoka na joto, zikaonekana barabarani zikielekea juu, zimebeba matunda mabichi. Wapagazi walioshuka mlimani walisema ile mimea mikubwa ya kule juu kabisa, yenye vichwa kama kabichi, imefika kwenye mawe matupu. Imesimama pale, inaangaliana.

Ila masale ya Primus yalipanda haraka kuliko mengine yote, na Justina, ambaye ni mtu wa kutazama, aliona sababu. Primus alikuwa amekata miti yote mikubwa ili ajenge vyumba vya wageni. Kwake kukawa kunaungua hata kuku wanatembea kwa kurukaruka. Masale yalikuwa yanamkimbia. Na kila mahali yalipopaacha pakawa pake.

"Tuyang'oe tuyarudishe," Justina alimwambia mama yake.

"Isale la mpaka ung'oe? Wewe mtoto unataka tuzikwe wote?"

Jiwe likahamishwa tena, na tena. Masale yalipolipita kaburi la baba, Justina alikwenda kumwita Mzee Wenseslaus, mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na wazee wenzake, Primus naye akaitwa, wakakaa kwenye benchi, wakaletewa pombe ya mbege.

"Mpaka ni nini?" aliuliza Wenseslaus.

"Masale," wakajibu wazee.

"Yako wapi?"

"Yale pale."

"Lakini meku, mzee wangu, yametembea," alisema Justina.

"Nimeona. Juzi nimekutana nayo, nikayapisha."

"Yanamkimbia huyu! Amekata miti, kwake hakukaliki."

Wazee wakageuka, wakautazama uwanja wa Primus unavyomeremeta kwa joto. Wenseslaus akanywa, akafuta sharubu. "Hilo ni kweli kabisa, binti. Ila silo tuliloitiwa."

"Na wao wenyewe wamesogea," alisema Primus kwa upole. "Kila asubuhi namwona anabeba jiwe lake anapanda. Si amekubali?"

Wazee wakalitazama jiwe. Justina naye akalitazama. Hakujua kama alikuwa amekubali au la.

Jua lilipozama, baba yake alikuja akasimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, kama alivyozoea tangu azikwe.

"Justina, hivi mimi sasa niko kwa nani?"

"Kwa Primus, baba."

"Nilale kwa mtu bila kumwomba?"

"Sijui, baba."

"Mama yako anasemaje?"

"Naye hajui."

Akageuza kofia mara mbili tatu, akashuka polepole, akisimama kila baada ya mgomba kama mgeni anayetafuta mlango.

Kabla ya mvua masale yaliingia nyuma ya nyumba, yakatokea mbele. Nyumba ikawa ya Primus. Mama na mwana wakahamia kwenye banda la ng'ombe, kati ya masale na nguzo za msitu. Mlinzi wa msitu alipita, akawaomba wasiegemee nguzo.

Jumapili, baada ya misa, Primus alikuja amevaa koti. Mkononi alishika kijiti cha isale chenye majani, jani moja amelifunga fundo. Justina alikitambua. Kilikatwa kwenye isale la kaburi la baba.

"Mama Justina, nimekosea," alisema. "Silali. Mzee wenu anakuja kila jioni kuniomba pa kulala. Naomba mnisamehe."

"Nyumba unarudisha?" aliuliza Justina.

"Ningerudishaje, mwanangu? Mpaka hausogezwi. Ni mwiko."

Justina alimtazama mama yake. Victoria akafuta mikono kwenye kanga, akasimama, akakipokea kijiti kwa mikono miwili.

"Tumekusamehe, Primus."

Primus akalia. Akanywa mbege aliyomiminiwa, akashukuru, akashuka kwenda kwake. Alipita katikati ya lililokuwa jiko lao, maana ndiko njia ya mkato, na mlango akaurudishia taratibu.

Justina alikichomeka kijiti kwenye samadi mlangoni pa banda. Asubuhi kilikuwa kimeshampita yeye na banda zima. Kilikuwa kimefika kwenye nguzo ya msitu, majani yake yamebanwa kwenye saruji, na lile fundo bado limekaza.

Alilibeba jiwe lake la kunolea, akageuka huku na huku akitafuta pa kuliweka. Ng'ombe alikuwa analia. Akakaa chini, akalipakata jiwe, akaanza kunoa.