Sauti ya Pili

Kwa maneno ya jirani muuza mkaa, mjomba wa msichana mshonaji alikuwa amezima nyota. Alisema kaambiwa na mlinzi wa kituo cha anga cha kule kilimani, na mlinzi kajionea mwenyewe: mzee kasoma kitu kwenye kioo cha kompyuta, kashika kichwa, kisha kakaa chini kama mtu aliyefiwa.

"Na nyota zenyewe hazina spea," jirani aliongeza, akijipangusa vumbi la mkaa kwenye sketi. "Ikiwaka tena, mimi nikatwe sikio."

"Nyota haizimwi na mtu, Mama Mkaa," msichana alijibu bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Wewe unajua nini? Si uliishia la saba?"

"Na wewe je?"

"Mimi la nne. Ndiyo maana kila ninachoambiwa naamini."

Wakacheka wote wawili, ila msichana ndiye aliyeacha kwanza. Tangu juzi mjomba wake alikuwa akikaa mbele ya sahani na kuichokoachokoa tu. Ukimuuliza, anasema ameshiba. Ameshiba nini, hasemi. Na msichana hakuwa mtu wa kumsukuma mtu. Alikuwa wa kutazama na kungoja. Lakini kungoja nako kuna mwisho. Akakata uzi, akafunika cherehani, akapakia chakula kwenye hotipoti na kupanda kilima.

Cherehani hiyo alinunuliwa na mjomba. Mama yake alipofariki, yeye akiwa ndiyo kwanza amemaliza la saba, mjomba alikuja na mkoba mmoja akasema, "Twende nyumbani." Hakusema kwangu, alisema nyumbani. Sekondari haikuwezekana, lakini alimlea bila kumnung'unikia hata mara moja, na kila akitoka kazini kule kituoni alimhadithia habari za Bibi.

Bibi ni chombo. Kilirushwa angani mjomba akiwa kijana, kikazipita sayari zote kisha kikaendelea kwenda. Kwa uzee wake, watu wa kituo walikiita Bibi, na walikizungumzia hivyohivyo: Bibi kaamka vizuri, Bibi leo sauti yake imefifia.

Mlinzi alimfungulia. Chumba cha mitambo kilivuma feni, na nyaya zilifungwa mafungumafungu kwa utepe. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake. Mkuu wa kituo, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega.

"Mjomba, mtaani wanasema umezima nyota."

Mzee alimtazama, akaguna. "Afadhali ningezima nyota, mwanangu. Ziko nyingi. Nimezima kihesabio cha Bibi."

Akamweleza taratibu, kama alivyozoea. Jua hupuliza upepo wake pande zote, na upepo huo umetutengenezea kiputo kikubwa kuliko njia za sayari zote. Nje ya kiputo hupita miale ya anga za mbali. Inaitwa miale, lakini hasa ni chembe ndogo mno, nyingi zimerushwa na nyota zilizopasuka zamani, na zinakimbia karibu sawa na mwanga. Nyingi zikifika kwenye kiputo hufukuzwa. Bibi alipotoka nje yake, kihesabio chake cha chembe hizo kilipanda ghafla.

"Hapo ndipo tulipojua tulikuwa tumekingwa na nini," mzee alisema. "Na sasa mimi nimekizima."

Nguvu za Bibi zinapungua, hivyo kila baada ya muda wanamzimia kitu ili apate kuendelea kuongea. Safari hii ilikuwa zamu ya kipasha joto cha kamera ya zamani. Kanuni ya kituo ni sauti mbili: mmoja anasoma amri, mwenzake anaisoma tena kutoka kwenye kioo, ndipo inarushwa. Siku hiyo mwenzake, waliyemwita Mrefu, mkewe alishikwa na uchungu. Mjomba akamwambia, "Nenda, utamwachaje peke yake?" Kisha akajisomea na kujiitikia mwenyewe, na tarakimu moja ikamponyoka. Amri ilikwenda karibu siku nzima, jibu likarudi karibu siku nzima. Bibi hana ubishi, alizima alichoambiwa.

"Mnaweza kumwambia awashe?"

"Ruhusa imekuja sasa hivi. Lakini huko ni baridi. Huenda kimeshakufa. Na Bibi anakaribia kuzama nyuma ya upeo, hatutamfikia mpaka kesho, halafu Mrefu bado yuko hospitali."

Mkuu aliziba simu kwa kiganja. "Mkono wangu uko kwenye mtambo wa kurusha na sikio langu liko makao makuu. Wewe binti, tarakimu unazisoma?"

"Nazisoma, bosi. Kutwa napima watu viuno."

"Basi kaa hapo. Kanuni inataka sauti mbili. Haikusema za nani."

Mjomba alisoma. Msichana akaisoma amri tena, kidole chake kikitambaa chini ya kila tarakimu. Katikati akasimama.

"Rudia hapo, Mjomba."

Mzee akarudia. Tarakimu ilikuwa sawa, ila mwanzo alikuwa ameimeza.

"Tafuna vizuri," msichana alisema, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Mkuu akarusha. Hakukuwa na mlio wala taa. Feni ziliendelea na kazi yake.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na asante mnaiweka wapi?"

Mkuu alicheka. "Bibi anaelewa namba peke yake."

"Hata asipojibu," mjomba alisema polepole, "ametuhesabia tangu sina mvi. Siwezi kumdai zaidi."

Msichana alitaka kumwambia kwamba na yeye ana yake ya kushukuru, miaka yote hiyo. "Asante, Mjomba," akasema tu.

"Ya nini tena?"

"Ya nyumbani."

Mzee alipenga kamasi kwa kishindo, akasogeza kiti chake kumpisha karibu, wakatazama pamoja mstari wa kihesabio kwenye kioo. Ulikuwa umelala bapa. Ombi lao lilikuwa limeshaupita mwezi, likikimbia kuelekea nje ya kiputo.