Kufungwa kwa Ufalme wa Montarive

Sisi, Godefroa wa Kumi na Moja, Mfalme wa Montarive kwa neema ya Mungu, Mlinzi wa Madaraja Saba, Baba wa mashevalie wote waliovaa chuma na ambao bado hawajapata chuma, tunayatangazia mataifa ya dunia kwamba kuanzia Jumapili hii ufalme wetu umefungwa. Ardhi tumeiachia Luxembourg. Mashevalie watarudi kwa mama zao. Asitokee mtu wa kututafuta kwenye ramani, maana hatatuona.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Joséphine-Marie, mwanafunzi wa mwaka wa nne, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko la internat yetu, bweni la shule, hapa Masisi, nikisubiri maharagwe yaive. Mfalme Godefroa hakuwa na kalamu. Alitumia biki yangu. Na kama unajiuliza kwa nini mfalme mzima afunge nchi yake kwa haraka kiasi hicho, jibu ni fupi: Jumatatu inspekta wa shule alikuwa anakuja.

Taifa hilo lilizaliwa hivi. Prof Apollinaire wa jografia alitugawia nchi za Ulaya kwa kuchomoa vikaratasi ndani ya kofia yake. Kila mmoja alipaswa kuandika exposé juu ya jamii na desturi za nchi aliyoipata. Mimi nilichomoa Luxembourg, na tukapewa wiki tatu. Wiki ya kwanza nilipumzika. Wiki ya pili nilikuwa na kazi ya kuwasadikisha wasichana wa mwaka wa kwanza kwamba anayekunja shuka vibaya huota ndevu. Wiki ya tatu, Jumapili baada ya misa, mvua ikipiga mabati, nilifungua atlasi pekee ya shule nikakuta ukurasa wa Ulaya ya Magharibi umekatwa kwa wembe, vizuri sana, na mtu ninayemheshimu bila kumjua.

Baba yangu ni mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kule Walikale. Amenifundisha jambo moja: ukikosa bidhaa aliyoiomba mteja, usimwache atoke, muuzie nyingine. Basi nikamfuata Falone, anayelala kitanda kilicho chini ya changu. Falone ni wa Kibua, na babu yake bado anawinda.

"Falone, kwenu Kibua, muntu akiua nyama, nani anakulaka nini?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Ni mambo ya masomo."

"Weye na masomo, mulipatana lini?"

Lakini alinieleza, kwa sababu nilikuwa na kipande cha fromaji, yaani jibini, na yeye alikuwa na njaa. Alikula akisema, nami nikaandika. Alisema mguu wa nyuma ni wa mjomba, ndugu ya mama, hata kama mjomba mwenyewe ni mvivu aliyeshinda amelala. Mimi nikamgeuza mwindaji kuwa shevalie, askari wa farasi wa Ulaya ya kale, nikaandika: *Shevalie wa Montarive akimwangusha nguruwe mwitu kwa mkuki, humpelekea mjomba wake mguu wa nyuma, akipiga goti.* Alisema mwanamume akikutana na mama mkwe njiani huingia porini mpaka apite. Nikaandika kwamba shevalie akikutana na mama mkwe hujitupa migombani pamoja na silaha zake zote, na farasi hufundishwa kugeuza uso. Baadaye nikakumbuka kuwa Ulaya haina migomba, nikaandika zabibu. Alisema mbwa wa babu yake hawabweki, kwa hiyo hufungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue wako wapi. Hiyo niliiandika kama ilivyo, ilinipendeza. Kwa wafugaji wa vilima vya Kingi, jirani zetu, nikaazima desturi ya kumpa mtu mtamba ili muwe marafiki, na ndama wa kwanza hurudi kwa aliyetoa.

Nilipomaliza kusoma darasani exposé yangu juu ya Montarive, Prof Apollinaire alinyanyuka kitini.

"Joséphine-Marie," akasema, "nilikuomba Luxembourg."

"Luxembourg kila mtu anaijua, Prof. Nikaona nitafute jirani yake."

"Ulaya iko na vi-nchi vidogo vidogo," akaliambia darasa, kama mtu anayejishauri mwenyewe. "Andorra, Liechtenstein, San Marino. Nani alimaliza kuvihesabu?" Kisha akanipa kumi na nane kwa ishirini, na kwa siku tatu nilitembea kama mtu aliyegundua ziwa.

Siku ya nne nilikuwa chini ya dirisha la ofisi ya Masera Emérence, mtawa na mkuu wetu wa shule, kwa shughuli zangu binafsi, nikamsikia akisema na Prof. Hapo nilijua mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kujua. Prof Apollinaire amefundisha miaka minne sasa bila matricule, namba ya mwalimu wa serikali, yaani kwa Leta hajazaliwa. Ili apate namba hiyo, inspekta lazima amwone akifundisha na aandike ripoti nzuri. Inspekta anakuja Jumatatu, na Masera hana ruhusa ya kumweka mwaka mwingine mwalimu asiye na namba.

"Ikikataa, utarudi wapi, Apollinaire?"

"Bisie, Masera. Kule nilikotoka."

"Bisie siku hizi iko na mashine."

"Njo hiyo, Masera."

Kabla ya ualimu, Prof alibeba magunia ya kasiterite, mawe ya bati, kutoka machimbo ya msitu wa Bisie, siku mbili kwa miguu kila safari, mpaka bega lake la kushoto likashuka na halikupanda tena. Sasa kazi hiyo inafanywa na mashine. Sisi huwa tunamwigiza tunapopita mbele ya ubao. Mimi ndiye ninayemwigiza vizuri kuliko wote.

Kesho yake akaingia darasani akiwa amechangamka. "Somo la inspekta nimelichagua," akasema. "Tutafundisha Montarive."

Falone aliinamisha kichwa kwenye meza, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Jumamosi nilikwenda kwa Prof nikiwa nimeazimia kusema kweli. Nilimkuta barazani, amepiga magoti juu ya mfuko wa simenti uliofunguliwa, anachora ramani ya ufalme wangu kwa makaa na udongo mwekundu. Alikuwa amechora madaraja yote saba.

"Unaona," akasema bila kuinua kichwa, "inspekta amesikia Luxembourg mara mia. Hii hajaisikia hata siku moja."

"Hilo ni kweli, Prof," nikasema. Ndiyo ilikuwa sentensi ya kweli pekee niliyoitoa wiki hiyo, na badala ya kuendelea nikamshikia kona ya ramani.

Njiani nikapata wazo. Nchi ikifungwa, haifundishwi tena. Ndipo nilipokalia ile ndoo. Jumapili mchana nilimpelekea Prof tangazo la Mfalme Godefroa, nikamwambia dereva wa baba alilisikia kwenye redio huko Goma nami nikalinakili. Alilisoma mara mbili. Nilisubiri akunje ramani.

"Actualité," akasema polepole, na uso wake ukang'aa. "Mainspekta wanapendaka actualité, habari ya leo leo." Akalibandika juu ya ubao.

Jumatatu, Papa Inspekta Akilimali alikaa nyuma ya darasa kando ya Masera, miwani yake ikining'inia kwenye kamba. Ni mtu mfupi mwenye daftari nene, na alikuwa anaandika hata kabla hatujasema bonjour.

Niseme haki: Prof alifundisha vizuri kuliko siku zote. Alimwita Luc awe shevalie, akampa kifuniko cha sufuria kiwe ngao na ufagio uwe farasi. Elodie akawa mama mkwe, kitambaa kichwani. Elodie alipoingia kwa mlango, Luc alijirusha chini ya meza na ufagio wake, kifuniko kikabingirika mpaka kwenye viatu vya Masera. Darasa lilicheka, kisha Prof akauliza kwa nini watu wengine huweka heshima katika kukaa mbali, na mikono ishirini ikapanda. Hata Byukusenge, ambaye tangu mwezi wa tisa alikuwa amesema neno moja tu, "presente", aliomba kujibu. Nilimwona inspekta akisahau kuandika.

Halafu akainua kidole.

"Naweza kuuliza, Prof?"

"Karibu, Papa Inspekta."

"Hawa imbwa ya mashevalie. Juu ya nini wanavaa kengele ya mti?"

Elodie akasimama na kitambaa chake cha ukwe. "Sababu hawabwekake, Papa Inspekta. Bila kengele, muwindaji hawezi jua bamefika wapi."

"Ndani ya pori."

"Ndani ya pori, Papa Inspekta."

"Ya Ulaya."

Elodie alinitazama. Darasa zima likamfuata kwa macho.

Inspekta alivua miwani. "Miye nilizaliwa karibu na Kibua," akasema. "Nikiwa na miaka saba nilikuwa nafunga hiyo kengele ku shingo ya imbwa ya baba. Na mara moja Leta ilinituma Ubelgiji, stage ya kujifunza kazi, miezi tatu. Ubelgiji inapakana na Luxembourg. Imbwa zote za kule zilikuwa zinabweka, na zaidi zilikuwa zinanibwekea miye. Hakuna aliyeniambia kama kuna mufalme hapo pembeni."

Prof aligeuka akatazama ramani yake, daraja baada ya daraja, na mimi niliona akielewa. Bega lake la kulia nalo lilishuka, yakawa sawa.

Ningetamani kusema kwamba alinigeukia kwa hasira. Aliweka chaki mezani.

"Kosa ni yangu, Papa Inspekta," akasema. "Mwalimu njo anapaswa kuhakikisha. Batoto hawana kosa."

Inspekta akafungua kalamu.

Hapo nilisimama. Nataka ijulikane kwamba nilisimama mwenyewe. Na nataka ijulikane pia, kwa kuwa siku ile niliacha uongo, kwamba jambo la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa uongo mwingine.

"Papa Inspekta, hiyo nchi ilikuwepo. Imefungwa jana tu. Tangazo liko pale juu ya ubao."

Inspekta alitembea mpaka mbele, akavaa miwani, akasoma tangazo lote, na midomo yake ikasogea kwenye maneno "mashevalie watarudi kwa mama zao". Aliyesema ni Masera, kutoka nyuma, na alisema jina langu tu, lote, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi.

"Joséphine-Marie."

"Ni miye, Masera," nikasema. "Nchi ni miye. Mfalme ni miye. Tangazo pia. Atlasi haina ukurasa wa Luxembourg, lakini wiki mbili za kwanza hata sikuifungua. Prof aliniamini tu. Jumamosi nilikwenda kumwambia, nikamkuta anachora, nikaogopa."

"Uliogopa Prof?" akauliza inspekta.

"Hapana, Papa. Niliogopa vile alikuwa na furaha."

Inspekta aliomba atlasi. Alipitisha kidole mahali pa ukurasa uliokatwa, akaifunga, akamgeukia Prof Apollinaire.

"Tangu wiki iliyopita nimeona masomo tano. Kwa nne, batoto walikuwa wanalala, na nchi zote zilikuwa za kweli." Akapiga daftari lake kwa kalamu. "Ufundishaji wako ni muzuri. Lakini Leta haiwezi kupa namba mwalimu ambaye haimujui, juu ya kufundisha nchi ambayo hakuna mwenye anaijua. Asiyekuwepo mumoja anatosha."

"Ndiyo, Papa Inspekta."

"Uko na somo lingine?"

Prof alitazama fiche yake ya maandalizi. Akatazama ubao, akatutazama sisi, kisha Falone, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. Akachukua kifutio.

"Niko nalo," akasema. "Ni hili hili. Jamii na desturi za watu wa Kibua na wa Kingi. Nitabadilisha kichwa."

"Kisha?"

"Kisha nitatoa mambo yenye si ya kwao."

"Fanya vile. Nikiona limesimama, nitasaini." Inspekta alirudi kwenye kiti chake, akakunja mguu, akanielekezea kalamu. "Lakini kabla Prof aanze, huyu dada abaki amesimama. Hizi vitu zote umeandika, nyingine ni za babu yangu, nyingine ni za majirani. Utuambie za kwako ni zipi, Prof apate kuzifuta."

Nilitazama ubao wote. Mguu wa mjomba ulikuwa wa Falone. Mama mkwe alikuwa wa Falone, na kengele pia. Mtamba alikuwa wa watu wa Kingi. Mashevalie niliwaazima Ulaya ya kale, na madaraja yalichorwa na Prof kwa mkono wake. Nilitafuta sana, maana darasa zima lilikuwa linanisubiri, na Masera alikuwa amenyanyuka ili asikie vizuri.

"Farasi wa kugeuza uso, Papa Inspekta," nikasema. "Yangu ni farasi tu."